Kwa nini LUKU ilidai tokeni tatu: habari za funguo tusizoziona

Kuanzia katikati ya mwaka 2024 hadi Novemba, simu zilizoingia studio kutoka Mkata, Kabuku, Mombo na Magoma zilibeba swali moja. Nimenunua umeme wa shilingi 5,000, mbona meseji imekuja na makundi matatu ya namba badala ya moja? Kuna walioingiza la mwisho tu, mita ikakataa. Wengine walidhani wamebahatika, wameongezewa umeme. Wapo pia waliofuta meseji kwa hofu ya matapeli, na kwa jinsi utapeli wa simu ulivyozagaa hatuwezi kuwalaumu.

Hewani tulijibu kwa ufupi: ingiza yote matatu, kwa mpangilio uleule yalivyokuja. TANESCO nao walitangaza hivyo, wakasema zoezi ni bure na mwisho wake ni tarehe 24 Novemba 2024. Lakini swali la "kwa nini" halijaisha. Bado tunalipokea, hasa kwa mwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, au aliyepanga fremu yenye mita ambayo haijaguswa miaka miwili. Nafasi ya redio ni finyu, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa maandishi. Jibu lenyewe linatoka kwenye mita ukutani na kuishia kwenye simu uliyoshika sasa hivi.

Tokeni si uniti zilizoandikwa

Wengi tunachukulia kwamba zile tarakimu 20 ni namba tu ambayo TANESCO imeihifadhi mahali, na mita ikiipokea inaiulizia makao makuu. Sivyo. Mita ya kawaida ya LUKU haina laini ya simu wala haiwasiliani na mtu. Iko peke yake ukutani, iwe Chanika mjini au kijijini kabisa ambako mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu.

Kwa hiyo kila kitu ambacho mita inahitaji kujua kimo ndani ya tarakimu hizo 20. Humo mna kiasi cha uniti ulizonunua, muda tokeni ilipotengenezwa, na tarakimu za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Vyote hivyo vimefumbwa kwa hesabu ngumu inayotumia ufunguo. Ufunguo huo si wa chuma, ni namba ndefu ya siri. Mashine ya kuuzia umeme inao, na mita yako inao. Ukiingiza tokeni, mita inaifumbua kwa ufunguo wake. Yakitoka maneno yenye maana, inakupa umeme. Ukitoka upuuzi, inakataa.

Kila mita ina ufunguo wake, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako hata kama mmenunua dakika moja kwa wakala mmoja. Mashine ya kuuzia haihitaji daftari la funguo za nchi nzima. Ina ufunguo mama mmoja au michache, na kila unaponunua inachanganya ufunguo mama na namba ya mita yako na vitu vingine vichache, inapata ufunguo wa mita yako papo hapo. Ukitoa namba ya mita ya mtu mwingine, utapata tokeni halali kabisa, ila ya mita yake.

Ufunguo mama ukivuja, aliyeupata anaweza kutengeneza umeme wa bure kwa kila mita iliyo chini yake. Kwa sababu hiyo hauwekwi kwenye kompyuta ya kawaida. Unakaa ndani ya kifaa maalumu ambacho kinafanya hesabu na kutoa jibu, lakini hakimpi mtu yeyote ufunguo wenyewe, hata fundi wake.

Utaratibu huu si wa Tanzania peke yake. Unaitwa STS, ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na leo mita za malipo ya kabla za nchi nyingi duniani zinautumia. Hivyo tarehe ile ya Novemba 2024 haikuwasumbua watu wa Handeni na Korogwe tu. Nairobi, Kampala na Johannesburg nako watu walikuwa wakiingiza namba ndefu.

Saa iliyojaa

Sasa, kwa nini tarehe 24 Novemba 2024? Muda ulio ndani ya tokeni hauandikwi kwa siku na mwezi. Ni hesabu ya dakika, iliyoanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Nafasi waliyoitengea inabeba dakika 16,777,216 na si zaidi. Gawanya dakika hizo kwa siku, kisha kwa miaka, utapata karibu miaka 32. Dakika ya mwisho iliangukia 24 Novemba 2024.

Dereva wa bodaboda ataelewa haraka. Mita ya kilomita kwenye pikipiki kuukuu ikifika 99999, inarudi 00000. Pikipiki haijawa mpya, namba zimeisha tu.

Kwenye pikipiki hilo ni jambo la kuchekesha. Kwenye LUKU ni wizi au giza. Mita inatumia muda huo kuzuia tokeni moja isiingizwe mara mbili: inakumbuka alama za muda za angalau tokeni 50 zilizopita, na inakataa iliyokwisha kuingia au iliyo ya zamani kuliko zote inazozikumbuka. Hesabu ikirudi sifuri, kila tokeni mpya itaonekana ya kale na itakataliwa. Na ukiifuta kumbukumbu ya mita bila kubadili kitu kingine, mwenye karatasi zake za zamani kabatini anaweza kuzirudia zikakubali.

Suluhisho lilikuwa kuanza hesabu upya, safari hii kutoka tarehe 1 Januari 2014, na wakati huohuo kubadili ufunguo wa kila mita. Ufunguo ukibadilika, karatasi zote za zamani zinakuwa takataka kwa mpigo, maana zilifumbwa kwa ufunguo ambao haupo tena. Hesabu mpya itajaa 24 Novemba 2045. Watoto walio darasa la kwanza leo ndio watakaopiga simu studio wakati huo.

Nusu na nusu

Hapo ndipo tokeni tatu zilipotokea. Mita haina laini ya simu, kwa hiyo ufunguo mpya ungefikaje? Kwa njia ileile moja iliyopo: vidole vya mteja. Ila tokeni ya tarakimu 20 ni ndogo, haitoshi kubeba ufunguo mzima. Ufunguo ukakatwa vipande viwili. Tokeni ya kwanza ilibeba nusu, ya pili nusu nyingine, na ya tatu ndiyo umeme wako, tayari umefumbwa kwa ufunguo mpya. Aliyeanza na ya tatu alikataliwa kwa sababu mita yake ilikuwa bado na ufunguo wa zamani. Aliyeingiza ya kwanza akaenda kuchota maji akasahau ya pili, mita ilibaki na ufunguo wa zamani vilevile.

Ukielewa hivyo, majibu ya maswali mengi yanakuja yenyewe. Uniti zilizokuwa ndani ya mita hazikupotea, kwa kuwa zilikwisha kufumbuliwa. Tokeni iliyonunuliwa kabla na kuwekwa akiba kwenye simu bila kuingizwa haikubali tena baada ya ufunguo kubadilika. Na baadhi ya mita zilizofungwa karibuni zilikuja tayari na hesabu mpya, hazikudai chochote.

Mita iliyobaki stoo tangu kabla ya Novemba 2024, au iliyo kwenye nyumba isiyokaliwa, kwa kawaida haijafa. Zile tokeni mbili za kubadili ufunguo hazibebi hesabu ya dakika, kwa hiyo kiufundi zinaweza kuingizwa hata leo. Nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe na namba ya mita, usimkubalie fundi wa mtaani anayetaka kukuuzia mita nyingine kabla hujafanya hivyo.

Funguo zinazosafiri kwenye wavuti

LUKU inatumia ufunguo uleule pande zote mbili, wa kufumba na wa kufumbua. Inafaa, kwa sababu muuzaji ni mmoja. Lakini fikiria malipo ya Serikali. Tangu mwaka 2017 tumezoea namba ya malipo, ile wengi tunaiita control number, kwa bili ya maji, leseni, faini ya barabarani na ushuru wa mambo chungu nzima. Nyuma ya namba hiyo kuna mfumo wa GePG unaounganisha taasisi nyingi mno na mabenki na kampuni za simu. Kama wote wangeshika ufunguo mmoja, mfanyakazi mmoja mwovu katika ofisi moja angeweza kutuma ujumbe wa "huyu amelipa" kwa jina la benki yoyote.

Kwa hiyo hapo zinatumika funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa siri, unabaki kwa mwenyewe, na kazi yake ni kutia saini. Mwingine ni wa umma, anapewa yeyote, na kazi yake ni kukagua saini tu. Ukiwa na wa umma huwezi kutia saini, kama ambavyo kumjua mtendaji wa kijiji kwa sahihi yake hakukufanyi uwe mtendaji. Benki inatia saini ujumbe wa malipo, mfumo unaupima kwa ufunguo wa umma wa benki ile, ndipo deni lako linafutwa.

Programu za simu na tovuti zinafanya hivyo mara nyingi kwa siku bila wewe kujua. Unapoingia kwenye programu, seva inakupa tokeni yake yenye saini, na kila ukibonyeza kitu tokeni hiyo inakaguliwa. Ili mashine zipeane funguo za umma bila kutokuelewana, mwezi Mei 2015 watunga viwango vya intaneti walitoa namna moja ya kuuandika ufunguo, inaitwa JWK. Ni maandishi ya kawaida kabisa, unaweza kuyasoma kwenye simu. Yanasema ufunguo huu ni wa aina gani, unaitwaje na unatumikaje, kisha zinafuata namba zenyewe zikiwa na majina ya herufi mojamoja.

Katika aina moja inayotumika sana, iitwayo RSA, herufi n na e ni za umma. Zibandike hata kwenye mbao za matangazo za stendi ya Korogwe, hakuna hasara. Herufi d ni ya siri. Vyote viko kwenye umbo moja, mstari juu ya mstari, na tofauti ya ufunguo wa kutangazwa na ufunguo wa kufichwa ni kuwepo au kutokuwepo kwa herufi hiyo na wenzake wachache. Mtengeneza programu aliyechoka saa nane usiku akinakili mstari mmoja zaidi, ameutangaza ulimwenguni ufunguo wa nyumba. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika utaratibu ambao vinginevyo ni mzuri.

Kubadili ufunguo hapa ni rahisi kuliko kwenye LUKU. Seva inatangaza orodha: ufunguo wa zamani na mpya kwa pamoja, kila mmoja na jina lake. Tokeni zinazotoka zinataja zimetiwa saini na upi. Baada ya muda, zile za zamani zikiisha, ufunguo wa zamani unaondolewa kwenye orodha. Hakuna mama anayesimama kwenye kigoda kubonyeza tarakimu 60.

Lugha ya C na mlinzi wa mnada

Nani anayasoma maandishi hayo na kufanya hesabu? Mara nyingi ni maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine ili kila mtengeneza programu asianze upya. Maktaba nyingi za namna hii zimeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kongwe, lakini ina kasi na inaingia hata kwenye vifaa vidogo. Mojawapo ya kusoma na kutumia funguo za JWK inaitwa LibJWT.

Mwaka 2015 mtaalamu Tim McLean alitangaza kasoro aliyoiona kwenye maktaba kadhaa za kukagua tokeni, za lugha mbalimbali. Tuieleze kwa mfano wa mnada wa ng'ombe. Mlinzi getini anatakiwa kukagua kibali cha kusafirisha mifugo. Badala ya kufuata utaratibu wake, anamuuliza mwenye ng'ombe, "Kibali chako kinakaguliwaje?" Mwizi anajibu, "Changu hakikaguliwi." Mlinzi anafungua geti. Ndivyo ilivyokuwa: tokeni yenyewe ina mstari unaosema imetiwa saini kwa njia gani, na maktaba zile ziliuamini mstari huo. Mwizi aliandika "bila saini" na akapita.

La pili lilikuwa la kijanja zaidi. Mwizi alichukua ufunguo wa umma, ambao kila mtu anao, akautumia kana kwamba ni siri ya pamoja kama ya LUKU, akagonga muhuri wake, akaandika juu "njia ya siri ya pamoja". Mkaguzi naye alishika ufunguo wa umma uleule, akautumia kwa njia aliyoambiwa, muhuri ukalingana. Dawa yake ni kwamba njia ya kukagua isitoke kwa mgeni. Itoke kwa mwenye geti, na ikiwezekana iandikwe kwenye ufunguo wenyewe: huyu ni wa kukagua saini za aina hii, basi. JWK ina nafasi ya kuandika hivyo, ingawa si lazima kuijaza, na maktaba nzuri ikiona tokeni inadai njia nyingine inaikataa palepale.

Kasoro nyingine ni ya C hasa. Lugha hii inamwachia mtengeneza programu asimamie mwenyewe kumbukumbu ya kompyuta, na haimzuii akivuka mpaka. Aprili 2014 dunia ilisikia kuhusu Heartbleed, kasoro katika maktaba ya C iitwayo OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti. Chukua karani wa chama cha msingi cha wakulima wa mkonge. Mwanachama anamwambia, "Nimeandika mistari miwili kwenye daftari lako, nisomee mistari yangu sitini." Karani hahesabu. Anasoma miwili, kisha anaendelea na kurasa za wengine: nani anadai kiasi gani, nani amekopa, na namba ya siri ya kasiki iliyoandikwa pembeni. Seva zilifanya hivyo, zikitoa hadi herufi 65,535 kwa ombi moja, na ndani yake nywila za watu na wakati mwingine ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Mamlaka ya kodi ya Canada ilipoteza taarifa za walipa kodi wapatao 900 kwa njia hiyo. Simu za Android toleo la 4.1.1 nazo zilikuwa na kasoro hiyo.

Hata kufuta ufunguo baada ya kuutumia kuna mtego. Kompyuta inapotafsiri maandishi ya C ili yaende kasi, inaondoa kazi inazoziona za bure. Ikiona programu inafuta eneo la kumbukumbu ambalo halitasomwa tena, inasema kuna faida gani kufuta, inaacha. Ufunguo unabaki pale, mwandishi akiamini ameufuta. Ni sawa na kijana anayeona ubao unakwenda kutupwa, akaona kuufuta ni kupoteza chaki na nguvu, naye hajui kwamba juu yake kuna namba ya kasiki. Maktaba makini zina amri maalumu ya kufuta isiyoweza kurukwa.

Kwenye simu yako

Huwezi kuzirekebisha maktaba hizo, lakini zinarekebishwa na wenyewe na zinakufikia kwa njia ya masasisho. Simu ikikuomba kusasisha, fanya hivyo ukiwa na bando au kwenye mtandao wa bure, hasa kwa programu za benki na za pesa. Simu ya mtumba isiyopokea masasisho tena piga nayo, sikiliza redio, ila usiweke humo programu ya benki.

Angalia pia tarehe ya simu. Funguo za tovuti zina siku ya kuanza na ya kwisha. Simu iliyokaa bila chaji ikaamka inadhani ni mwaka 2015 itakataa tovuti nzuri na kukuonya si salama. Rekebisha tarehe kwanza.

Namba yako ya siri ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas ni jambo tofauti na funguo hizi zote. Hakuna zoezi la kubadili ufunguo, la TANESCO wala la kampuni ya simu, linaloihitaji. Kuna msikilizaji wa Segera aliyetuambia alipigiwa na mtu aliyejiita fundi wa LUKU, akaombwa ataje namba ya siri "ili mita isomane na mfumo". Mita, kama tulivyoeleza, haisomani na mfumo wowote. Alikata simu. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vinatumwa kwenda 15040, na ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#.